Bati la Lazarus Opondo

Kila asubuhi, kabla ya kuvuka barabara pale Kawangware, Lazarus Opondo huinua kiti cha plastiki juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, miguu ya kiti ikitazama mbinguni, kisha anaingia barabarani bila kuangalia kushoto wala kulia. Kiti ni chekundu. Magari husimama. Nyuma yake hufuata mkewe, Adero, beseni la samaki kichwani, akichechemea kidogo, akiangalia kushoto na kulia kwa niaba ya wote wawili. Wakifika ng'ambo, Lazarus hushusha kiti, hukipangusa kwa mkono wa shati, na kusema, "Tumefika, Mama Audrey," kana kwamba wametoka Kisumu.

Mwanzoni Adero aliona aibu. Mume wa mtu kutembea na kiti kutoka Kibera hadi Kawangware, kila siku ya Mungu, si jambo la kujisifia mbele ya akina mama wa kanisa. Lakini Lazarus alikuwa na hoja yake, na hakuibadilisha.

"Dereva wa Nairobi haogopi kugonga mtu," alimwambia. "Mtu ataanguka, watu watajaa, watapiga kelele, wataenda. Lakini kiti kitakwaruza gari. Hakuna mtu anataka gari yake ikwaruzwe."

Makanga wa magari ya njia ile walimbandika jina la Mwenyekiti, na walipomwona kituoni walimpungia. Yeye aliwapungia pia, kwa kiti.

Yote yalianza siku ambayo boda boda ilimpitia Adero ubavuni, palepale mbele ya stoo yao ya viti, anapouzia samaki. Beseni liliruka, samaki wakatapakaa barabarani, na watu wakaja mbio kusaidia. Waliwasaidia samaki kwanza. Adero alipoinuliwa kutoka chini alikuta nyonga imeteguka na samaki wake wa mbuta wote wamepata wenyewe. Nyonga haikurudi sawasawa. Akiona barabara, miguu humwisha nguvu. Bila kiti kile mbele yake angeacha biashara akae nyumbani, na Adero hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: bampu. Tuta la lami, pale alipogongwa, ili avuke kama mtu na asivuke kama msafara.

Kazi ya Lazarus ilikuwa kukodisha viti na hema. Harusi, matanga, harambee za kanisa, mikutano ya wananchi, vyote vilikalia viti vyake. Kwa kuwa mwenye viti hawezi kuviacha peke yake, Lazarus alihudhuria kila mkutano mwanzo hadi mwisho, ameketi safu ya nyuma kabisa. Alishasikia habari za maji taka, za taa za barabarani, za nyumba mpya, za barabara ambayo ingejengwa mwaka ujao tangu Audrey akiwa darasa la kwanza. Audrey sasa alikuwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Hakuwahi kuinua mkono.

"Umesikiza mikutano kuliko mheshimiwa mwenyewe," Adero alimwambia, "na hujawahi sema hata 'naunga mkono'."

"Mimi ni wa viti," Lazarus akajibu. "Mtu wa viti akianza kuongea, nani ataangalia viti?"

Na viti vilihitaji kuangaliwa. Katika mikutano hatari huja mwishoni, soda zinapogawanywa. Soda ikitoka, kiti hupata miguu ya kutembea. Ndiyo maana Lazarus alikuwa na mtindo wake: akiona kreti ya soda inashushwa, huinuka na kuanza kuvipanga viti kimoja juu ya kingine, kwa haraka, kwa kishindo, akianzia nyuma. Watu wa Kawangware na Kibera walizoea. Lazarus akisimama, mkutano umeisha, hata kama mtu bado anaongea.

Siku ya mkutano wa usalama barabarani, uwanja wa kanisa ulijaa. Injinia wa barabara alikuwa mwanamke aitwaye Nduku, mpole, kofia ya njano mkononi. Watu walimaliza kwanza hasira za magorofa. Gorofa zinaota kila mahali, wakasema, na zote zinamwaga kwenye mtaro uleule mmoja. Nduku aliandika. Kisha akauliza kama wananchi wangependa tuta na kivuko. Wote wakapiga makofi. Akauliza wapi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kila mfanyabiashara anajua kwamba gari linalopunguza mwendo lina dirisha, na dirisha lina mteja.

"Watoto wote wa shule wanavukia kwa butchery yangu," akasema Kiragu, muuza nyama.

"Watoto gani wanaenda kwa matumbo saa moja asubuhi?" akadakia Mutheu wa saluni. "Watoto wanavukia kwangu."

"Kusukwa?"

Watu wakacheka. Wakoli, fundi wa magari, akasimama polepole kama mzee wa hekima. "Mimi napendekeza ikae karibu na gereji. Iwe juu kidogo. Na isipakwe rangi."

"Wakoli! Unataka bampu ama unataka wateja?"

"Nataka usalama," akasema Wakoli. "Lakini gari ikivunjika springi, si msaada uwe karibu?"

Adero hakungoja kupewa nafasi. "Mimi ndio niligongwa," akasema. "Nyinyi mnaongea juu ya watoto wa kufikiria. Mimi niko hapa. Pale niligongwa, hapo mbele ya stoo ya viti, ndio bampu inafaa kukaa. Injinia, nikuonyeshe nyonga?"

"Hapana, mama, tunakuamini," akasema Nduku kwa haraka, na akaandika tena. Kisha akainuka kueleza jinsi watu wake watakavyokuja kupima na kuweka alama. "Sasa, tafadhali msikilize, hapa ni muhimu," akasema, "mkiona hiyo alama, msi—"

Kreti ya soda ikatua chini. Lazarus akasimama.

Kwa, kwa, kwa, viti vikaanza kupandana. Safu ya nyuma iliinuka, ya mbele ikafuata, na mdomo wa Nduku ukaendelea kufunguka na kufumba bila mtu hata mmoja kusikia. Lazarus hakupoteza kiti siku hiyo. Alifurahi sana.

Siku chache baadaye walivuka kama kawaida, kiti mbele, beseni nyuma, na Lazarus hakusema "Tumefika". Alikuwa ameduwaa. Kwenye bati la mbele la stoo yao kulikuwa na alama ya X, nyekundu, kubwa kama mlango. Chini yake kulikuwa na namba ndogo, kumi na nne, na sahihi.

Nairobi mtoto hujua maana ya X kabla ya kujua herufi A. X ni tingatinga la kubomoa. X ni mtu kubeba kitanda kichwani akiuliza jamaa kama wana nafasi. Adero aliweka beseni chini na kuketi juu ya kiti chekundu.

"Wanavunja," akasema. "Niliomba bampu, wamenipa tingatinga."

Lazarus alizunguka stoo mara moja, akarudi. "Wameandika kwa bati," akasema. "Hawajaandika kwa stoo."

"Bati si ndio stoo, Baba Audrey?"

"Bati ikienda, X imeenda."

Hoja ilikuwa ya kijinga, lakini Adero hakuwa na nyingine. Waling'oa bati misumari yote, wakaweka jingine kuukuu mahali pake, na lile la X wakalifunga kwa gunia na kulitia mkokoteni. Huwezi kutupa bati zima namna hiyo. Na nyumbani kwao Kibera, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga iliyo ukingoni kabisa mwa mtaa wa Nyayo Highrise, bafu la wapangaji lilikuwa na tundu kwenye paa tangu mvua za mwaka uliopita.

Mukhwana, mlinzi wa ploti na mkusanyaji wa malalamiko, alimkumbatia Lazarus. "Huyu ndiye mpangaji!" akatangaza. Akaahidi kusimamia kazi yeye mwenyewe, kisha akaingia ndani kunywa chai. Lazarus alipanda juu, akageuza X iangalie mbinguni, ambako hakuna mtu wa kusoma, na akagonga misumari.

Alisahau Highrise. Mbingu ya watu wa ploti ile ina magorofa, na magorofa yana vibaraza, na Ijumaa asubuhi kwenye kibaraza kimoja alisimama Mourine, jirani yao wa mlango wa tatu, akianika nguo za mwajiri wake. Aliangalia chini kutafuta nyumba yake, kama alivyopenda kufanya. Akaona X. Aliacha shuka likining'inia upande mmoja na kupiga simu.

Jioni Adero aliporudi kutoka Kawangware alikuta ploti nzima inafungasha. Mtu amefunga redio kwa blanketi. Mwingine alishatuma kitanda kwa dadake.

"Kuna nini?" akauliza.

"Tumepigwa X!" akasema Mukhwana, akihema. "Juu ya bafu! Kuna namba kumi na nne. Siku kumi na nne, Mama Audrey!"

"Lakini hiyo bati..." akaanza Adero.

"Bati ilikuja safi!" Mukhwana akaapa, akijipiga kifua. "Mimi mwenyewe nilisimamia. Hiyo rangi imepakwa baadaye. Na hakuna mtu amepanda. Kwa hivyo imepakwa kutoka juu. Ni drone."

Wapangaji wakatazama anga. Adero pia akatazama, kwa sababu hakujua pa kuyaweka macho.

Kesho yake, Jumamosi, Adero akiwa anakaanga samaki mbele ya stoo, kijana mmoja mwenye koti la kuakisi mwanga alikuja akipita na kurudi, akikuna kichwa.

"Mathe, kulikuwa na alama hapa. X nyekundu. Umeiona?"

Adero akakishika kijiko kwa nguvu. "Ya kuvunja?"

"Kuvunja nini? Ya bampu. Injinia Nduku si aliwaeleza kwa mkutano? Alisema mkiona alama msishtuke, rangi nyekundu ndiyo ilibaki. Hapo ndipo bampu na zebra zinakaa." Akaangalia ukuta tena. "Sasa Jumatatu lami inakuja. Watu wa lami hawajui maneno mengi. Wanamwaga pale kuna alama."

Samaki mmoja aliungua akiwa mikononi mwa Adero, jambo ambalo Kawangware haikuwa imewahi kuona. Mbaya zaidi, Kiragu alikuwa amesimama karibu, kisu mkononi, na alisikia kila neno.

Kufikia jioni butchery ilikuwa na X. Saluni ilikuwa na X, ya rangi ya kucha, na imenyooka kuliko zote. Wakoli alipaka mbili, moja kila upande wa gereji, asikosee. Mwenye kibanda cha chapati, ambaye hakuwa hata kando ya barabara, naye alijichorea. Barabara nzima ilionekana kama daftari la mwanafunzi mzembe lililosahihishwa.

"Baba Audrey," akasema Adero, sauti imetulia kiasi cha kumtisha Lazarus. "Tumeng'oa bampu yangu, tukaipeleka bafuni."

Lazarus akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Tutaleta bati," akasema. "Ile iko na namba na sahihi. Hizi zingine hazina."

Lakini Mukhwana alikuwa ameweka vijana wawili mlangoni mwa bafu. Hakuna mtu kugusa ushahidi, alisema, mpaka wakili aje. Watu walioga kwa kusindikizwa. Na Jumapili, baada ya kanisa, kungekuwa na mkutano wa dharura wa wapangaji, kujadili nyumba, ubomoaji na haki zao.

"Na tutahitaji viti, Mwenyekiti," akasema Mukhwana.

Hivyo ndivyo Lazarus Opondo alivyokuja kukodiwa viti vya mkutano wa kujadili bati lake mwenyewe. Alivipanga uani, safu kwa safu, akaketi nyuma. Adero alichagua kiti cha mbele kidogo, mahali ambapo angeweza kugeuka na kumtazama. Kesho asubuhi lami ingemwagwa. Kama bati halingekuwa ukutani pake, bampu ingekuwa ya Kiragu maisha yote, na yeye angeendelea kuvuka kwa miguu inayotetemeka.

Mkutano ulikuwa mtamu. Kila mtu alikuwa ameona kitu. Mama mmoja aliona watu wanne wenye miwani myeusi. Mzee mmoja alisikia mlio kama wa nyuki usiku, mlio wa drone kabisa, ingawa mkewe alisema huo ni mlio anaousikia kila usiku mzee mwenyewe akilala. Wengine walisema nyumba mpya za serikali ni nzuri, zina maji ndani. Wengine wakauliza nani aliwahi kupewa ufunguo.

"Mimi nimeona kutoka juu," akasema Mourine, ambaye tangu Ijumaa alikuwa mtu mashuhuri. "Hiyo X imechorwa na mtu mwenye roho mbaya. Ukiiangalia unaona."

Adero akageuka. Lazarus akaangalia viti. Adero akakohoa. Lazarus akahesabu miguu ya kiti kilicho mbele yake. Adero akakohoa tena, kikohozi cha mwanamke aliyelala hospitali kwa sababu ya nyonga.

Lazarus akasimama.

Papo hapo safu ya nyuma ikainuka. Safu ya kati ikafuata. "Kwani imeisha?" mtu akauliza. "Soda iko wapi?"

"Kaeni," akasema Lazarus.

Hakuna aliyekaa. Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema neno mkutanoni, na walidhani ni mtu mwingine.

"Kaeni chini! Viti ni vyangu, nimesema mkae!"

Wakakaa. Lazarus alikuwa na jasho. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili na karibu akiinue juu ya kichwa, kwa mazoea, kisha akakumbuka.

"Hiyo X ni yangu," akasema. "Imetoka Kawangware. Niliileta na mkokoteni."

Kuku mmoja akapita.

"Haiwezekani," akasema Mukhwana. "Bati ilikuja safi. Mimi mwenyewe—"

"Ulikuwa unakunywa chai, Mukhwana. Kikombe cha bluu."

Mukhwana akaketi.

"Injinia aliweka hiyo alama kwa stoo yangu. Mimi nikadhani ni ya kuvunja. Kumbe ni ya bampu. Alieleza, lakini mimi nilikuwa napanga viti, hakuna mtu alisikia. Sasa kesho lami inakuja, na mama watoto anaogopa barabara. Nipeeni bati yangu. Basi."

Akaketi. Ilikuwa hotuba yake ya kwanza na alionekana kama mtu aliyebeba gunia la saruji kupanda orofa nne.

"Yaani nimehamisha kitanda bure?" akafoka yule wa kitanda. "Nimelala kwa sufuria na vijiko siku mbili!"

"Na mimi nimeoga nikilindwa na mtoto wa jirani!" akalia mwingine.

"Wakili nitamwambia nini?" akauliza Mukhwana, ambaye hakuwa na wakili.

Ni Mourine aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akisema "roho mbaya, na mimi nikaiona roho mbaya," na kicheko kikashika safu moja hadi nyingine. Hukumu ilitolewa palepale: Lazarus ataleta bati jingine kabla ya jua kuzama, na harusi yoyote ya ploti ile, kuanzia leo, viti ni bure. Mtu alijitokeza papo hapo kutangaza uchumba.

Jumatatu Injinia Nduku alisimama Kawangware, kofia kichwani, akitazama X baada ya X, huku lori la lami likinguruma nyuma yake. Kiragu alimwelekeza kwenye butchery. Mutheu alimvuta mkono. Ndipo magari yakaanza kusimama, moja baada ya jingine, mpaka upande wote ukawa kimya. Lazarus alikuwa anavuka. Hakuwa na kiti. Alikuwa ameinua bati zima juu ya kichwa, X ikiwatazama madereva, na madereva wa Nairobi walikuwa wanajua kusoma. Lori moja lilirudi nyuma.

Nyuma yake alikuja Adero na beseni, akiangalia kushoto na kulia.

Nduku akasoma namba, akaona sahihi yake. "Hii ilikuwa wapi?"

"Bafuni," akasema Lazarus.

Nduku alifikiria kuuliza zaidi, akaacha. Kiragu akabwata kwamba hata X yake ni ya kweli, lakini rangi, aliyoiongeza asubuhi ileile, ilimpaka vidole alipoigusa. Kufikia mchana tuta lilikuwa limelala mbele ya stoo ya viti, jeusi, likitoa moshi. Wakoli alilipima kwa jicho, akasema liko juu ya kutosha, na hakulalamika tena.

Walipolipaka rangi nyeupe siku iliyofuata, Adero alisimama kando akalitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyezaliwa. Magari yalifika, yakainamisha pua, yakapita polepole kama waumini waliochelewa. Wengine walinunua samaki.

Wiki ile yote hakumuuliza mumewe lolote, si kuhusu bati, si kuhusu hotuba. Alimpikia, akamwekea mkia wa mbuta. Kisha Jumatatu nyingine ikafika. Walishuka kituoni upande wa pili. Kivuko kilikuwa pale, cheupe, na tuta lake. Gari la kwanza lilipunguza mwendo lenyewe, likasimama. Adero aliinua beseni kichwani, na miguu yake haikutetemeka sana.

Halafu akaona Lazarus anainua kiti chekundu juu ya kichwa.

"Baba Audrey," akasema, "na bampu si iko?"

"Iko," akasema Lazarus, akiingia barabarani. "Boda boda huipitia kando."